Jaribio la Bi Shaka

Ofisini tunaandika vipande vya programu vya kutumiwa na wenzetu, na kila kipande kina majaribio ya kukikagua. Majaribio yote yakipita, sisi tunashangilia; Bi Shaka ananuna. Anaharibu mstari mmoja wa programu makusudi, kisha anayaendesha tena. Yakipita hata hapo, basi yalikuwa yamelala tu, hayakagui kitu. Anatukera mpaka basi, ila hajawahi kuumbuka.

Jana alimpigia mama yake, simu iko spika, mikono inachapa. Kila swali, mama anajibu, "Mzima mwanangu, sina neno."

Bi Shaka akaacha kuchapa. "Mama, baba anakusalimu."

Baba yake tulimzika mwaka juzi.

"Mwambie awahi, chakula kinapoa."

Bi Shaka akabeba mkoba, akaondoka bila kuzima kompyuta.