Mifupa ya Nzai

Hiki nitakachowasimulia hamtakiamini, najua. Hata waliosoma kunizidi, nao si wengi hapa Mikindani, maana mimi nilifika darasa la tatu nikalipitia dirishani, watasema mzee amelewa. Haya, semeni. Lakini ni kisa cha Randu wa papa hapa kwetu, aliyefika mbali kuliko nyinyi mnaojigamba mmeiona Nairobi.

Vita vilimchukua Randu pamoja na rafiki yake Nzai, mwana wa pekee wa mwanamke aitwaye Sidi. Hawakupewa bunduki. Walibeba mawe na kuchimba barabara, kwanza Misri, kisha mwaka wa arubaini na tano wakapelekwa kwenye kisiwa kidogo cha Wagiriki. Kisiwa kimya. Majabali, mbuzi, na nyumba nyeupe zilizopandiana mlimani. Wanaume wa huko walikuwa wakipiga mbizi kutafuta sifongo. Vita vilileta njaa, wengi wakahama, wakabaki wazee. Huko Nzai akashikwa na kichomi. Baridi ile haikumpa hata juma moja. Akazikwa makaburi ya kijiji, kando ya ukuta wa kanisa.

Kila Jumapili Randu alimkuta pale mjane mmoja wa nguo nyeusi, Irini, akimwashia Nzai taa ya mafuta. Shemeji yake Irini aliwahi kuwa na duka Iskandaria, kule Misri, akijua Kiarabu, na Randu naye alikuwa ameokota cha Misri. Kwa hicho wakaelewana.

"Anasema wanawe bahari haikumrudishia," shemeji alimweleza. "Huyu wako ameletewa."

Siku moja Randu akamkuta Irini analichimba kaburi la mumewe. Miguu ilitaka kukimbia. Irini akautoa mfupa mmoja mmoja, akauosha kwa mvinyo, akauanika juani, akaupanga sandukuni, huku akiusemesha kama mtoto anayeogeshwa.

"Udongo wetu ni haba," shemeji akasema. "Mtu hukaa miaka mitatu, minne, kisha humpisha mwenzake. Na rafiki yako pia, siku yake ikifika. Irini ndiye atakayemtoa."

Randu akala kiapo kwamba hilo halitatoka kinywani mwake akifika nyumbani. Kwetu maiti hafukuliwi. Anayefukua ni mchawi.

Akarudi mwaka wa arubaini na sita, akakuta Sidi amekataa matanga. Hakunyoa nywele. Hakukubali isimikwe koma, kile kigogo tunachomwekea marehemu na kummiminia tembo la mnazi. Kila aliyemwendea alimjibu, "Kigogo cha nani? Mwanangu hajafa mpaka aje mtu aliyemwona amelazwa."

Mtu huyo alikuwa Randu. Akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mwenzio amelala wapi?"

Akamweleza ukuta wa kanisa, taa, na Irini. Sidi akasikiliza bila kupepesa.

"Na hapo atalala daima?"

Angeweza kusema ndiyo, yakaisha. Mimi ningesema ndiyo, tena ningepanda na maua juu. Randu akaitazama mikono yake, akamwambia yote: kufukuliwa, mvinyo, sanduku.

Kuku wakaingia ndani, wakazunguka, wakatoka.

"Huyo bibi ataiosha mifupa kwa mikono yake mwenyewe?"

"Kwa mikono yake, mama."

"Hatatuma mtu?"

"Hatatuma mtu. Nilimwona akimwosha mumewe."

"Hakuwa na kinyaa?"

"Alikuwa akizungumza naye."

Sidi akafungua kilemba, akazishika nywele zake zilizokuwa zimesokotana. "Mwambieni jirani yangu Nyevu alete wembe," akawaambia waliokuwa uani. "Nawe nenda ukamchongee mwenzio koma. Huko ataoshwa kwa mvinyo. Hapa nitamwosha mimi, kwa tembo."

Koma ikasimikwa nyuma ya nyumba. Sidi akamimina tembo polepole, akamwita mwanawe kwa jina, na hapo ndipo alipolia. Wanawake hawakumnyamazisha. Mimi nami nikawaeleza watu jinsi Nzai alivyozikwa kwa heshima, kisiwa kizima kimeshuka mlimani, maaskofu kumi na wawili mbele, kengele zikisikika hadi Misri, na manowari ya mfalme ikapiga mizinga ishi—

"Manowari gani, mjomba?" Randu akanikata. "Tulikuwa watu sita na punda aliyembeba. Mama yake yupo hapo anasikiliza. Mwambie habari ya punda."