Ukucha wa Bi Biubwa
Daktari wetu wa usingizi, Mkongo anayekaa mtaa wa Troyeville, haiamini mashine peke yake. Mimi nasukuma vitanda vya wagonjwa hadi chumba cha upasuaji, namwona kila siku. Kabla ya kumlaza mgonjwa humminya ukucha mpaka uwe mweupe, akahesabu kwa Kifaransa hadi damu irudi, kisha huuliza polepole, "Mama, leo umekunywa dawa ya presha?"

Jana Bi Biubwa alijibu, "Wallahi sijanywa." Nilimwona akiimeza wodini asubuhi, nikanyamaza. Dawa hiyo ikikutana na ya usingizi huangusha presha; angekiri, wangemrudisha nyumbani, na operesheni hiyo aliingoja miezi tisa. Daktari akaminya tena. "Huyu presha itamshuka." Mpasuaji akamwonyesha namba nzuri za mashine. Usingizi ulipomchukua presha ikashuka, haikupanda tena. Tulipokwisha kumfunika uso, daktari alikuwa bado anauminya ukucha ule, anahesabu. Sijamwambia.