Sketi Tatu za Scovia

Wanawake wa Muhuru Bay wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, hawahitaji mizani. Ukipita mbele yao mara moja tu wanajua umepungua kiasi gani, na kabla hujafika kwenye nyavu zako wameshakuzika. Ndiyo maana Scovia, tangu kifua kianze kumbana kila alipoinama kugeuza omena, alivaa sketi mbili chini ya gauni, kisha tatu, na sweta la sufu juu yake. Jua la ziwani lilimpika. Heri jua, alijiambia, kuliko kuulizwa, "Scovia, mbona unaisha?"

Alivaa hivyo hivyo siku aliyokwenda Homa Bay kupigwa picha ya moyo. Aliyempeleka ni Tony, mume wa binti yake Rispa, maana Rispa alikuwa amejifungua juzi, na mtoto mwenyewe bibi yake hajamwona hata ukucha. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, ndugu zangu. Kwa Wajaluo, mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa mbali. Kuvua hata kitambaa cha kichwa mbele ya mume wa binti yako ni aibu ya kuingia nayo kaburini.

Basi nesi alipoweka mizani pale pale kwenye korido, akasema, "Mama, toa viatu, toa sweta, na huo mkoba wa kiunoni," Scovia alimtazama Tony. Tony akatazama dari.

"Nasikia baridi," Scovia akasema, jasho likimtiririka.

Foleni ilikuwa ndefu. Nesi akaguna, akaandika kilo sitini na nane. Scovia alishuka akijiona mshindi. Sitini na nane! Laiti Mellen angesikia.

Mellen ni jirani yake, na ndiye aliyemjaza hofu tangu Jumapili. "Hiyo dawa ya rangi wanayokudunga ni moto mtupu," alimwambia. "Ikizidi, figo zinafunga duka. Mimi nimekwambia tu."

Sasa Tony alibaki nje, na Scovia akalazwa kwenye kitanda chembamba mbele ya mashine iliyo kama pete kubwa ya jitu. Chumba kilikuwa baridi kwelikweli. Sindano ilikuwa imeshatulia mkononi mwake, na mpira mwembamba ukitoka hapo hadi kwenye pampu. Aliyeiendesha mashine ni dada mmoja wa Kisii, Moraa.

"Mama, moyo wako unakimbia kama umeiba kuku," Moraa akasema. "Kile kidonge tulichokupa cha kuutuliza bado kinaufukuza. Pumua polepole."

"Hiyo dawa ya rangi, mwanangu, mnaipima na nini?"

"Na wewe mwenyewe. Hapa hakuna kopo moja la kupimia, gorogoro ya watu wote kama sokoni. Figo zako tumeziona kwenye damu, ziko sawa. Mwendo wa moyo nauona hapa. Halafu uzito. Mwembamba hapewi sawa na mnene. Nikitia kidogo mno, mishipa haionekani. Nikizidisha, naupa mwili wako mzigo bure. Wewe ni sitini na nane, nimeshapanga."

Scovia akaupapasa mkoba wa kiunoni chini ya sweta. Akaiona ile dawa ya ziada, ya kilo zisizo na mwenyewe, ikimiminika ndani yake ikitafuta pa kukaa. Akisema, Tony yuko nyuma ya mlango, na mlango haukufungwa vizuri. Akinyamaza, labda mjukuu ataletwa kuonyeshwa kaburi la bibi.

Moraa aligeuka kuelekea chumba cha kioo.

"Mwanangu! Ngoja!" Sauti ilimtoka nyembamba. "Funga mlango kwanza."

Moraa akaufunga.

"Zile kilo... si zangu zote."

"Ni za nani sasa?"

Moraa akauchomoa mpira kwenye sindano, Scovia akainuka, akaanza kuvua. Sweta. Sketi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Raba nzito. Mkoba wa kiunoni, wenye funguo za banda, kufuli, na jiwe la kunolea kisu.

"Haki, mama, wewe ni kitunguu!" Moraa akacheka. Kisha akaona mifupa ya mabega, na kicheko kikaisha. Akaleta mizani. Sitini na tatu.

"Hii ndiyo yako," akasema taratibu. "Sasa napanga upya."

Alipolala tena na mpira kurudishwa, Moraa alimwambia kwamba kwanza anaonja: tone dogo, aone linachukua muda gani kufika moyoni, kwa sababu kila moyo una mwendo wake. Kisha ikaja dawa yenyewe. Joto lilimpanda kooni, likashuka tumboni, likaenda hadi mapajani, na Scovia akawa na hakika kabisa kwamba amejikojolea. Nyasaye, Mungu wangu! Na mkwe yuko mlangoni!

"Vuta pumzi. Shika," sauti ya Moraa ikasema kutoka chumba cha kioo.

Akashika. Moyo ukapiga, ukapiga. Pete ikazunguka.

"Achia."

Kitu cha kwanza alichofanya ni kujipapasa. Pakavu.

"Picha imetoka?"

"Imetoka safi. Kuna mshipa mmoja daktari atauangalia vizuri."

"Ni mbaya?"

"Yeye ndiye atakwambia, mama. Lakini unaonekana."

Scovia alitoka na gauni peke yake, likimning'inia, nguo nyingine na mkoba amevifunga kwenye leso. Tony alimwona, akageuza macho ukutani upesi, akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete nibebe, Mama." Akalipokea furushi, akayumba kidogo. "Yawa, mzito! Mzigo huu ulikuja nao saa ngapi?"

"Mkwe wangu," Scovia akasema, akitangulia kuelekea mlango wa daktari, "nimekuwa nao tangu mwaka jana."