Nyanya za Ukutani kwa Mama

Nyanya ya kopo haiingii jikoni kwangu. Nina mgahawa Utemini, hapa Singida mjini, na wateja wameshazoea maneno yangu: anayetaka mchuzi wa kubabaisha, aendelee mbele, migahawa iko mingi. Nyanya naijua. Ile ndefu, ngumu, inayokuja na matenga, inafaa mchuzi wa kila siku kwa sababu haina maji mengi na haipasuki njiani. Ile ya mviringo, laini, naungia maharage. Lakini nikipata kuku wa kienyeji wa maana, au mgeni ninayemheshimu, natoa nyanya ya mama yangu, na hiyo sokoni huipati hata uwahi vipi.

Ni kubwa, moja inajaza kiganja na kuzidi. Juu karibu na kikonyo ina mikunjo, na mabega yake hubaki na ukijani hata ikiiva. Ukiikata, ndani ni nyama tupu, mbegu chache zimejibana pembeni. Kwenye kachumbari haitoi maji yakaogelesha vitunguu. Kwa kuku, unaiweka mapema kwenye mafuta ya alizeti, unafunika, unaiacha iyeyuke yenyewe. Anayeiponda kwa mwiko hana subira na asipewe jiko. Kwenye mlenda usiiweke, itapotea tu mle ndani. Mlenda unataka nyanya ndogo yenye ukali. Na ukiwa na njaa kweli, kipande kinene chenye chumvi kinatosha kushushia ugali wa uwele. Wachuuzi hawaitaki kwa sababu ngozi yake ni nyepesi, ikifika mjini imeshakuwa uji. Kwa hiyo aliyekuwa anailima ni mama peke yake, kijijini Mgori, kwenye kibustani kando ya kisima.

Mbegu zake alizitunza ukutani. Alichagua tunda zuri kuliko yote, akaliacha liive mpaka lilegee, akakamulia mbegu kwenye bakuli bovu na kuziacha zichachuke. Baadaye alizisuuza, akazichanganya na majivu, akazibandika kwa kidole gumba kwenye ukuta wa udongo wa jiko, juu, moshi unapopita. Wadudu hawakuzigusa. Msimu ukifika, alibandua kiasi anachotaka, akaloweka, akasia. Ukuta ule ulikuwa na madoa ya kijivu toka nikiwa mdogo, na sikuwahi kuyaona kama uchafu.

Kisha macho ya mama yakaingia mtoto wa jicho. Msimu wake wa mwisho kabla ya kutibiwa alipanda kwa kupapasa, akavuna kwa kupapasa, na kantangaze, wale viwavi wa nyanya, walishambulia vibaya, matunda yakatobolewa mengi. Aliokoa machache na mbegu zake akazipaka ukutani. Hazikuwepo nyingine popote. Nikamchukua, akaja kukaa kwangu mjini, akafanyiwa upasuaji. Siku anafunguliwa bandeji nilimuuliza anataka kuona nini kwanza akirudi nyumbani. Nilitegemea ataje wajukuu. Akasema, "Ukuta wangu."

Kijijini alibaki wifi yangu, mke wa kaka. Kaka ni dereva wa lori la alizeti, nyumbani anapita tu. Wifi alikuwa ameolewa karibuni, ametokea Nduguti, na kwao mbegu hutiwa kwenye chupa pamoja na majivu, chupa ikafungwa. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha ya kwetu, maana mama alipaka mbegu alfajiri peke yake, na baada ya kupofuka hakutaka kusaidiwa. Wifi aliposikia mkwe wake anarudi akiwa anaona, akafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa huku angelifanya ili kumpokea mtu wa heshima. Alichota udongo, akaukanda na majivu, akasiriba jiko zima ndani na nje.

Tulifika mchana. Wifi akapiga goti, "Shikamoo mama." Mama akaitika marahaba, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akamwambia kwa Kinyaturu kuwa hakujua kama ameletewa binti mzuri hivi. Wifi akacheka kwa aibu. Kisha akamshika mkono kumpeleka jikoni aone kazi yake.

Ukuta ulikuwa safi, umelainishwa kwa kiganja, hauna hata doa. Mama alisimama pale mlangoni na macho yake mapya, akiutazama.

"Kulikuwa na uchafu, mama," wifi akasema. "Nikaona nikupendezeshee."

"Yalikuwa mbegu yale," nikamwambia. "Nyanya yote ya mama ilikuwa hapo."

Nilisema kwa ukali, na nisingesema kwa upole hata ningeombwa. Wifi akaketi chini, mikono kichwani. Alijua maana yake. Mke mgeni aliyemalizia mkwe wake mbegu, jambo hilo lingemfuata kijijini mpaka na yeye aje kuwa mama mkwe.

Mama hakutugeukia. Alisogea ukutani, akafumba macho. Akaweka viganja vyote viwili juu, pale alipokuwa akipafikia kila alfajiri, akaanza kupapasa taratibu, kama alivyopapasa msimu mzima wa giza lake. Sisi tulikuwa tunaona ukuta tu. Yeye akafika mahali akasimama.

"Umesiriba vyepesi," akasema. "Vizuri. Lete maji ya vuguvugu kidogo."

Wifi alileta maji mbio. Mama akalowesha sehemu ile kwa ncha za vidole, akafumba macho tena, akaukwangua udongo mpya kwa ukucha. Chini yake vikatokea vidonge vya majivu, kimoja, kingine, vingi vimevunjika lakini vimo. Akamshika wifi mkono, akauweka ukutani. "Fumba macho. Unasikia panapoinuka?" Wifi akafumba, machozi yakamtoka hukohuko pembeni. Akasema anasikia.

Mbegu nyingi hazikuota. Zilizoota zilijaa kitalu kidogo, na kwetu hicho kilikuwa kitalu kikubwa. Tunda la kwanza halikuletwa mgahawani kwangu, ingawa niliulizia bila haya. Mama alilikata vipande vinene, akanyunyiza chumvi, kipande cha kwanza akampa wifi, cha pili mimi. Niliona sawa.

Sasa nikienda Mgori kuchukua nyanya, naingia kwanza jikoni. Ukutani kuna madoa mapya, na vidole si vya mama, ni vyembamba, vimebandika kwa mistari iliyonyooka. Mama anakaa kwenye kigoda karibu na mafiga na haelekezi kitu. Nilimwuliza kwa nini hapaki mwenyewe wakati macho ameshapata.

"Nilisema nataka kuuona ukuta," akanijibu. "Si ndio nauangalia."