Paa Lisilohitaji Watu

Watu walipokuwa wakiniuliza kwa nini niliacha makuti nikaweka mabati, niliwajibu kwamba naogopa moto. Lilikuwa jibu zuri, kwani mtaani kwetu Langoni nyumba za makuti zilikuwa zimebanana, na cheche ya jiko moja ingetosha kuwalaza nje watu wa mtaa mzima. Hakuna aliyenibishia. Lakini haikuwa kweli. Niliweka mabati kwa sababu ya hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya mdogo wangu.

Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Wazazi walikwisha tangulia mbele ya haki. Mimi niliachika mapema, bila mtoto, nikabaki peke yangu katika nyumba ya wazee. Yeye alikuwa na mume na watoto watatu, nyumba chache kutoka kwangu.

Paa la makuti lina raha yake, ila ni lazima ulihudumie. Moshi wa jikoni hulisaidia, maana wadudu hawaupendi, lakini baada ya masika matatu au manne utaanza kuona vitone vya jua sakafuni. Hapo ujue wakati umefika. Majani ya mnazi yaliletwa kutoka Kipungani, wanawake wa ukoo na majirani wakajaa uani kwangu, tukayakunja juu ya fito na kuyashona kwa chane za majani ya miyaa. Wanaume walipanda juu kuezeka. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwalisha wote. Hapakuwa na malipo, ilikuwa leo kwangu kesho kwako, na uani hapakukalika kwa vicheko.

Siku moja ya namna hiyo, miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani, mdogo wangu alikata chane yake kwa meno akasema mbele ya wote: “Dada hana mume, hana mwana. Sisi ndio paa lake.”

Wanawake waliteka, kama tunavyosema kwetu, yaani walicheka hadi machozi. Alikuwa akitania, nalijua hilo sasa. Siku ile niliingia jikoni nikalikwangua sufuria la wali kwa nguvu mpaka mmoja wao akauliza kama nataka kulitoboa. Maneno yale yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli tupu.

Nikamnunia. Salamu yake niliitikia, maana kuitikia salamu ni wajibu, lakini neno la pili halikutoka. Makuti yalipochakaa tena sikumwita yeye wala mtu mwingine. Niliuza vipuli vyangu vya dhahabu, nikaagiza mabati kwa mwenye duka, nikaita fundi na mwenzake. Walimaliza kwa siku mbili. Kwa mazoea nilipika wali wa kulisha ua mzima, tukaula watu watatu, na uliobaki niliwapa kuku wa jirani.

Nisiyasingizie mabati. Hayakuvuja, panya walihama, na mimi nilitembea mtaani nimeinua kidevu. Lakini mchana ndani mlikuwa tanuri. Tena fundi alinionya kwamba hewa yetu ya chumvi hula chuma, na kutu huanzia penye misumari. Kila mwaka kabla ya masika nipake lami juu ya kila kichwa cha msumari. Kumwita mtu kwa kazi hiyo nilikataa. Nilijifunga leso mbili, nikaegemeza ngazi upande wa nyuma, nikapanda mwenyewe na kopo la lami na kitambaa. Majirani walisema nimepagawa.

Mara ya pili kupanda, nilisikia vicheko. Kutoka juu niliuona ua wa mdogo wangu, wanawake wamekaa kwenye mikeka wakishona makuti, watoto wakikimbia huku na huko na fito. Nilikuwa nimealikwa. Nilikuwa nimejibu kwamba nina kazi. Mdogo wangu akainua kichwa akaniona, nimechutama juu ya bati linalochoma, akanipungia mkono. Wangu ulikuwa umejaa lami, na nilijiambia kwamba hiyo ndiyo sababu sikuupunga.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Mvua juu ya mabati si kama mvua juu ya makuti. Makuti huinyamazisha, ukalala. Juu ya mabati, hata kijiko kikianguka miguuni pako hukisikii. Nilizoea kukaa chumba cha ndani, nikisuka mkeka, nikisema peke yangu bila kuisikia sauti yangu. Nilikuwa mpweke, na ile kelele niliipenda, kwa sababu ilinifichia hilo.

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi hata baada ya alasiri. Kesho yake jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, aliniuliza kwa nini namfanyia hivyo ndugu yangu.

“Nimemfanyaje?”

“Alikuya yana, mvuani. Kabisha hodi tatu, hukumwitika. Kaona viatu zako mlangoni, kayua umo ndani. Kenda zake.”

Ndiyo adabu yetu na ndiyo tuliyofundishwa chuoni tulikosoma Kurani: hodi tatu, usipoitikiwa, rudi. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kusukuma mlango. Nilikimbia hadi kwake nikakuta kufuli. Mumewe alikuwa amepata shughuli Kiunga, na alfajiri ile wote walikwisha ondoka. Alikuwa amekuja kuniaga.

Nilimtumia salamu kwa msafiri wa kwanza: mwambie sikusikia, ni mabati haya. Jibu lilirudi baada ya wiki kadhaa: “Mwambie dada, viatu zake niliziona.” Hakuniamini. Angeniaminije? Hakuwahi kukaa chini ya bati hata siku moja, kwa kuwa mimi sikuwahi kumkaribisha.

Nilipaswa kupanda chombo cha baharini niende. Nilisema nitakwenda baada ya masika, kisha nikasema baada ya Ramadhani, nisimkute na shughuli. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Badala ya kwenda nilimwita fundi, nikamwambia ayatoe mabati ya upande wa mlangoni, aweke makuti pale ukumbini. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

“Nusu bati, nusu makuti? Bi, hili ni paa la namna gani?”

“Wewe ezeka.”

Tangu hapo kila iliponyesha nilihamia ukumbini na mkeka wangu. Pale nilisikia yote: mbuzi wa watu, matone yakidondoka njiani, hodi za nyumba za wenzangu. Mwaka wa kwanza nilikaa hivyo, na wa pili.

Katika masika ya pili mdogo wangu alifariki Kiunga kwa homa, akazikwa huko huko, nami sina habari. Shemeji yangu alikuja mwenyewe kunipa mkono wa tanzia. Alifika mvua ikinyesha, akabisha hodi kwa sauti ndogo, mara moja tu. Niliijua sauti yake. Niliruka, nikaitikia kabla hajaimaliza: “Karibuni! Karibuni ndani!” Nilifungua mlango nacheka, nikampita pale kizingitini bila hata kumpa mkono, nikachungulia nyuma yake, nikauliza mdogo wangu amejificha wapi.

Aliniacha nichungulie. Kisha akasema, “Dada, ingia ndani ukae.”