Sauti Iliyozamishwa na Jua

Shemeji yangu alisema Jumamosi tunazika mgomba. Nikamwambia Jumamosi utazikwa wewe.

Kwetu Nshamba, mtu akipotea moja kwa moja na mwili usionekane, ukoo hukata mgomba, huufunga sanda, huuzika kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, na matanga huisha. Shemeji ndiye mkubwa wa ukoo tangu mume wangu afariki. Alitaka kumzika hivyo kitindamimba wangu, aliyefanya kazi kwenye malori ya mizigo huko mbali kusini. Mara ya mwisho alikuja wakati wa kahawa, akaniletea redio, akarudi kazini. Mwaka wa tano huo, hakuna simu wala salamu.

Lakini mimi nilikuwa nimemsikia. Mwezi mmoja kabla, kesho yake baada ya gulio, niliwasha moto alfajiri na redio ikiwa kando ya mafiga. Redio ile kabla ya jua hushika stesheni za mbali, zinakuja na kuondoka kama mtu anayeongea kwenye upepo. Zikapigwa ngoma tatu na filimbi, kisha kipindi cha salamu. Mtu akataja jina la mwanangu, lote, na jina la babu yake, na sauti ilikuwa ya mwanangu mwenyewe. Akasema, "Namsalimu mama yangu wa Nshamba, yule anayemkaripia jogoo kama anamkaripia mume. Mama, kahawa zikiiva nitakuja, na sitakuja mikono mitupu." Mtangazaji akacheka. Akaanza kusema neno jingine, jua likachomoza, sauti ikazama. Nilipiga redio kofi, nikaizungusha kila upande. Mikwaruzo tu. Nikachukua masizi ya sufuria nikatia alama pale mshale uliposimama.

"Shemeji, uchungu umekuharibia masikio," mzee huyo wa ukoo akaniambia mbele ya watu.

"Masikio yangu yanasikia hata mkeo anavyokusema."

Watu wakacheka, ila Jumamosi ikabaki Jumamosi.

Alhamisi nikaifunga redio kwenye kanga nikaenda Bukoba, mtaa wa Bilele, alikopanga mjukuu wangu anayesoma chuo. Mimi niliishia darasa la pili, lakini yule nilimsomesha kwa kahawa zangu, na kichwa chake ni changu. Akaitazama alama ya masizi, akasoma namba, akatafuta kwenye kompyuta yake. Akanieleza kwamba stesheni za masafa ya kati husafiri mbali sana jua likiwa halijatoka, na kwamba nyingine huweka vipindi vyao vyote mtandaoni, siku kwa siku, saa kwa saa.

"Una uhakika si ndoto, bibi?"

"Ndoto yenye filimbi? Tafuta, bojo, tafadhali tafuta!"

Akaipata stesheni. Tukafungua siku ile, saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Mtu anaeleza ugonjwa wa korosho! Nusu saa nzima, korosho. Nikaona sanda, nikaona shemeji anavyotabasamu. Nikaanza kusali nikikosea maneno ninayoyajua tangu utotoni.

Mjukuu akajipiga paji la uso. "Bibi, saa zao wameziandika kwa saa za kimataifa. Ziko nyuma ya zetu masaa matatu."

Akarudi nyuma masaa matatu. Ngoma tatu. Filimbi.

Nilimshika mkono nikauminya hadi akalia. Jina lake likatajwa. Jogoo wangu akatajwa. Safari hii hakuna upepo, sauti safi kama yuko chumbani. "Mama, kahawa zikiiva nitakuja." Mjukuu akaruka juu. "Ulisikia kweli, bibi! Neno kwa neno!" Nami nikasimama kucheza, mzee mzima, chumba chenyewe hakina nafasi.

Kompyuta ikaendelea. Hakukuwa na jua la kuizima. Mtangazaji akacheka kama nilivyomsikia akicheka, kisha akamaliza lile neno lililonizamia: "Hayo yalikuwa marudio ya salamu zetu za miaka mitano iliyopita."

Mjukuu akanyoosha kidole azime. Nikamzuia.

"Rudisha."

Akarudisha. *Kahawa zikiiva nitakuja, na sitakuja mikono mitupu.* Ndiyo ahadi niliyoing'ang'ania mwezi mzima, nikagombana na ukoo kwa ajili yake. Kumbe alishaitimiza. Kahawa za mwaka ule alikuja. Mikono haikuwa mitupu, alikuja na redio hii iliyokuwa mbele yangu.

Ijumaa nikarudi nyumbani. Shemeji alikuwa anazunguka kibanjani na panga, anapapasa migomba. Aliponiona akasimama kando, akingoja tusi. Sikuwa nalo.

"Weka chini panga," nikamwambia. "Hujui urefu wa mwanangu. Nitachagua mimi."

Nikapita katikati ya migomba nikisimama karibu na kila mmoja, nikitafuta ule utakaonifanya niinue uso kama nilivyouinua kila alipoingia mlangoni.