Mume wa Nyumba ya Bodi

Jepkosgei hakuwa mtu wa kutajwa kwenye gazeti, lakini waulize wanawake wa lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika. Karibu nusu ya watoto wa pale walishikwa na mikono yake kwanza. Mji wenyewe ni Eldoret, ambao wenyeji siku hizo waliuita Sisibo, na yeye ndiye aliyekuwa mkunga wa Wanandi waliokaa humo. Tena hakuzalisha tu. Aliita majina.

Kuita majina ni hivi. Mtoto akizaliwa, mama mwenye kumbukumbu nzuri humpakata, akamgusisha ugoro kidogo puani, kisha akawataja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Mtoto akipiga chafya jina fulani likitajwa, basi huyo ndiye aliyerudi, na jina ni lake. Wafu tu, jamani. Aliye hai haitwi.

Sasa sikia mambo ya huo mji. Uliendeshwa na Bodi, yaani Wazungu wachache wenye mashamba ya mbali, waliokutana ofisini wakanywa chai na kuamua nani alale wapi. Mwafrika alilala mjini kama ana kazi ya mjini. Nyumba za lokesheni zilikuwa za Bodi, nazo alipewa mwanamume mwenye kipande, kile kitambulisho cha kazi, shingoni. Mume akitoweka, mke alitoka na sufuria zake. Mwanamke hakuwa na nyumba hata kama ni yeye aliyeikandika kila mwaka kwa mikono yake. Hiyo ndiyo iliyoitwa serikali ya mji! Nani alituuliza?

Jepkosgei alikuwa ameshafukuzwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa msichana, Kaburu akazungushia waya malisho ya baba yake. Mara ya pili alikuwa ameolewa na Kimeli, wakiishi shambani kwa Mzungu mwingine, naye akaamka siku moja akasema ng'ombe wao wamezidi. Ndipo wakaja mjini, Kimeli akapata kazi ya mifereji ya maji, wakapewa chumba kimoja cha udongo. Jepkosgei alikipenda chumba kile kuliko wengine wanavyopenda shamba. Aliapa kwamba hapo atatoka akiwa amebebwa.

Basi, msimu wa mvua ya Agosti, Bodi ikatuma watu kuzibua bomba la mji huko juu kwenye mto Sosiani. Mto ukafura. Wenzake Kimeli walirudi jioni wakitetemeka, yeye hayupo. Walisema walimwona amesimama ng'ambo, wakageuka kuokota majembe, walipotazama tena hakuwepo. Kilio hakikuwekwa, maana hakuna aliyeuona mwili.

Mnyapara wa lokesheni alikuwa Wasike, Mbukusu wa kutoka upande wa Kimilili. Hakuwa mtu mbaya. Wanawe wote walizaliwa mikononi mwa Jepkosgei, na aliona haya kusimama mlangoni pale.

"Mama Jeruto, mzee amerudi?"

"Yuko njiani."

"Mama, mimi ni wa kutumwa tu. Asipoitika jina lake Jumatatu asubuhi, nyumba inapewa mtu mwingine. Wamesema hivyo ofisini."

"Ataitika," akasema Jepkosgei.

"Mungu asikie," akasema Wasike, akaondoka akikwepa madimbwi.

Jumapili mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa, Jeruto binti yao akashikwa na uchungu. Akazaa mtoto wa kiume. Jeruto hakuwa ameolewa, kwa hiyo mtoto alikuwa wa ukoo wa Kimeli, na wafu wa Kimeli ndio walioitwa. Jepkosgei akampakata, akampa ugoro, akaanza. Akamwita babu wa Kimeli. Kimya. Akamwita baba wa babu, akawaita ndugu waliokufa kwa ndui, akawaita waliokufa vitani kwa Wajerumani. Mtoto alikuwa macho tu, ametazama mlangoni, na alikataa ziwa.

Akarudia wote tangu mwanzo. Majirani wakaanza kutazamana. Kila mmoja alijua kwamba mtoto asiyepata mwenye jina lake haishi, na huyu midomo yake ilianza kugeuka rangi.

"Mama," akasema Jeruto kutoka kitandani, "limebaki moja."

"Nyamaza! Baba yako hajafa!"

Alifoka hivyo kwa sababu aliogopa, na aliogopa vitu viwili kwa pamoja. Wasike alikuwa amesimama nje chini ya upenu, amekuja kumuulizia Kimeli, mvua imemzuia. Alikuwa ameishi na Wanandi kiasi cha kujua maana ya chafya. Mtoto akipiga chafya kwa jina lile, Jepkosgei ni mjane, na mjane hana chumba. Lakini mficha uchi hazai, na mtoto alikuwa anakata pumzi mikononi mwake. Jepkosgei akainama mpaka sikioni.

"Kimeli," akamwita.

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia kwa nguvu, akashika ziwa la mama yake, akanyonya.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Jeruto alilia kimya machozi yakimdondokea mwanawe. Jepkosgei akaziba mdomo kwa kiganja ili asipige ukemi.

"Pole, Mama," ikasema sauti ya Wasike huko nje. Akaenda zake.

Jepkosgei alikuwa ameshaanza kukunja blanketi mlango uliposukumwa. Kimeli akaingia. Koti lake, kofia yake, kipande chake shingoni. Maji yalimchuruzika kila mahali.

"Nimerudi," akasema.

Woi! Majirani wakatoka mmoja mmoja wakikwangua ukuta kwa migongo, wala hakuna aliyemsalimu. Yeye akaketi. Jepkosgei akampa chai ya moto, ikapoa mikononi mwake bila kuguswa. Koti liliendelea kuchuruzika saa nzima karibu na moto. Hakuuliza Jeruto amezaa nini.

"Umetoka wapi?" Jepkosgei akamuuliza.

"Mtoni."

"Na unataka nini hapa?"

"Kesho ni kazi."

Jumatatu walipanga mstari katika ukungu. Wasike akaita majina, akafika kwa Kimeli, akaliita nalo.

"Niko," wakasikia.

Wasike alimtazama miguu, akamtazama uso. Sura ni ileile, kipande ni kilekile. Bodi haikuwahi kumwagiza atazame zaidi ya hapo. Akaita jina lililofuata.

Basi wakaishi hivyo. Mfanyakazi yule hakuugua, hakuomba ruhusa, hakuchoka, na msimamizi wake Mzungu alimsifu mbele ya wenzake. Udongo wa upande aliolala haukukauka hata kiangazi. Mbwa wa lokesheni walipitia njia nyingine. Chakula alichowekewa kilikuwa palepale asubuhi, naye Jepkosgei alikimwaga nje.

Siku moja Jeruto alishindwa kuvumilia. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake.

"Mama, tuondoke. Huyu si baba."

"Najua."

"Unajua, na bado unampa kiti?"

Jepkosgei akainuka, akamrekebishia binti yake kitambaa cha mgongoni, taratibu, asimwamshe mtoto.

"Baba yako umembeba," akasema. "Mtunze asipate baridi. Huyu ni wa Bodi, na bila yeye sisi sote, pamoja na baba yako, tunalala nje."

Kisha akamgeukia yule aliyeketi pembeni gizani.

"Mzee," akamwambia kwa heshima, "kumekucha. Watakuita sasa hivi."

Naye akainuka, akaenda kuitika.